Nani Yuko Ukutani?

Juni 1870, Frederick Douglass alimwandikia barua mchapishaji mmoja wa Boston, Marekani, kumshukuru kwa picha aliyotumiwa. Ilikuwa picha ya mwanamume mweusi aliyevaa suti, uso umetulia. Jina lake Hiram Revels. Miezi minne hivi kabla ya hapo alikuwa ameapishwa kuwa seneta wa Mississippi, mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Seneti ya Marekani. Picha yenyewe ilichorwa na Mjerumani, Theodor Kaufmann, kisha kampuni ya L. Prang ikaichapisha kwa rangi ili iuzwe kwa watu wa kawaida.

Douglass alizaliwa mtumwa, na alijua vizuri picha zina nguvu gani. Hakuna Mmarekani wa karne ya 19 anayejulikana kupigwa picha nyingi za kamera kumliko. Zilizopatikana zinafika 160 hivi. Katika mihadhara yake aliwahi kueleza kwamba kamera imempa hata kijakazi nafasi ya kuwa na picha ya sura yake, kitu ambacho zamani kilikuwa cha wafalme na mabibi wakubwa. Sasa, katika barua hii ya 1870, alisema mambo mawili ambayo kila nikiyasoma hunisimamisha. La kwanza ni kwamba watu weusi wa Marekani hawakuwa wamejishughulisha sana na kupamba kuta zao, kwa sababu picha haziji pamoja na utumwa na ufukara. Huja na uhuru, na haki, na nafasi ya kupumzika. La pili ni kwamba watu weusi walikuwa wamezoea kujiona wakichorwa kama nyani. Sasa hapa kuna picha ambayo hata mwenye chuki akiitazama itambidi akubali kwamba anamwona binadamu. Akatamani iingie katika kila nyumba ya mtu mweusi.

Fikiria kidogo. Mtu aliyepigania uhuru maisha yake yote anakaa chini kuandika barua kuhusu pambo la sebuleni. Kwa nini? Kwa sababu alielewa kwamba ukuta wa nyumba ni darasa. Mtoto anaamka nao, anakula mbele yake, anasinzia akiutazama. Aliyeko ukutani anamfundisha mtoto nani anastahili kutazamwa. Swali hilo ndilo lililonifanya nifuatilie historia ya nakala za bei nafuu za sanaa, maana sebule zetu hapa Kenya zimejaa picha, na sikumbuki ni lini tuliulizana nani alizichagua.

Tuanze na huyo mchapishaji. Louis Prang alizaliwa mwaka 1824 huko Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Alijiingiza katika mapinduzi ya 1848, yakashindwa, akakimbia, na mwaka 1850 akafika Marekani. Kazi iliyompa jina ni uchapaji wa rangi kwa mawe. Wacha nieleze, kwa sababu ni kazi ya ajabu kidogo. Unachukua bamba la mawe ya chokaa laini, mengi yakitoka Bavaria. Unachora juu yake kwa kalamu yenye mafuta. Unalilowesha jiwe kwa maji, kisha unapaka wino wa mafuta. Mafuta na maji hayapatani, kwa hivyo wino unashika pale tu ulipochora. Unalaza karatasi, unakandamiza, basi picha imehamia kwenye karatasi.

Hiyo ni rangi moja. Ukitaka picha ya rangi nyingi, kila rangi inahitaji jiwe lake. Picha nzuri ya Prang ingeweza kutumia mawe kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi, na karatasi ileile ilipita juu ya kila jiwe kwa zamu. Ikisogea kidogo tu, wekundu wa midomo unahamia shavuni. Mwisho wa safari hiyo karatasi ilipakwa vanishi na kupigwa mhuri wa mikunjo midogo ili ifanane na kitambaa cha mchoraji. Watu waliziita picha hizi kromo.

Na bei? Mwaka 1869 Catharine Beecher na ndugu yake, Harriet Beecher Stowe, walitoa kitabu cha kuwaelekeza akina mama jinsi ya kuendesha nyumba, na humo wakapanga bajeti ya sebule nzuri isiyo ya kitajiri. Kati ya vitu walivyopendekeza ni kromo. Ile ya mvulana asiye na viatu, iliyotokana na mchoro wa Eastman Johnson, iliuzwa dola 5. Machweo ya jua katika bonde la Yosemite, ya Albert Bierstadt, dola 12. Kwa kibarua, dola 5 ilikuwa jasho la siku kadhaa, si pesa ya kutupa. Lakini mchoro halisi wa Bierstadt ulikuwa wa matajiri wenye majumba. Kwa mara ya kwanza fundi seremala au mwalimu wa shule angeweza kudunduliza na kutundika nyumbani kitu alichokipenda, chenye rangi, kilichochorwa na mtu mwenye jina.

Wakubwa hawakufurahi. Mwaka 1866 mhakiki Clarence Cook alizishambulia kromo za Prang katika gazeti la New-York Tribune, na Prang akamjibu hadharani. Miaka minane baadaye E. L. Godkin, mhariri wa jarida la The Nation, aliligeuza neno lenyewe kuwa tusi: alidai Wamarekani wamejenga ustaarabu wa kromo, yaani ustaarabu wa watu waliookota elimu ya juujuu na kujiona wameelimika. Mara nyingi shutuma za namna hii huja pale kitu kilichokuwa cha wachache kinapoanza kuonekana kwa jirani. Hata hivyo siwezi kumtupa Cook kabisa. Kromo yenye mikunjo ya uongo ilikuwa nakala inayojifanya kitu kisicho. Mtu angeweza kuishi nayo miaka thelathini na asijue brashi halisi huacha alama gani.

Kilichoiua kromo hakikuwa wahakiki, ni wingi wake wenyewe. Wachapishaji wengine walishusha ubora, wafanyabiashara wakaanza kuzigawa bure kama zawadi ya kununua sabuni na majani ya chai, na kitu kinachogawiwa bure na sabuni hakikai muda mrefu sebuleni kama sanaa. Kisha ikaja teknolojia nyingine: kuipiga picha ya mchoro kwa kamera na kuichapa kwa vitone vidogo vya wino ambavyo jicho linaviunganisha lenyewe. Haikuwa na rangi, lakini ilikuwa rahisi mno.

Hapo ndipo shule zinaingia. Mwishoni mwa miaka ya 1890, katika mji wa Malden karibu na Boston, kampuni iliyoitwa Perry Pictures ilianza kuuza nakala za michoro maarufu kwa senti moja moja, mradi ununue kuanzia 25. Zilikuwa ndogo, kama sentimita 14 kwa 20. Mwalimu wa kijijini aliyeweza kukusanya robo dola alirudi darasani na Raphael, Rembrandt na Rosa Bonheur ndani ya bahasha moja. Waandishi nao wakajitokeza kumsaidia mwalimu huyo. Estelle Hurll, kwa mfano, aliandika mfululizo wa vitabu vidogo, kimoja kwa kila msanii, vyenye picha na maelezo yake. Somo zima likapata jina: somo la picha. Watoto walikaa na picha moja, wakaambiwa hadithi yake na ya aliyeichora, wakaulizwa wanaona nini.

Hili la mwisho ndilo ninaloliheshimu. Picha ya senti moja haikuachwa ijisemee. Ilipewa wakati, na mtu wa kuiongoza safari ya macho. Lakini mwelekeo wa safari yenyewe una mambo. Chukua mchoro uliopendwa sana katika masomo hayo, Waokota Masazo wa Jean-François Millet, wa mwaka 1857. Ukisoma Kitabu cha Ruthu unaijua kazi hiyo: mavuno yameshapita, maskini wanaruhusiwa kuokota masuke yaliyosalia. Wanawake watatu wako mbele, wawili wameinama hadi mikono inafika ardhini, wa tatu ameinama nusu kama anayejinyoosha mgongo. Katika madarasa ya Marekani picha hii ilikuwa somo la bidii na unyenyekevu. Tazameni, watoto, jinsi kazi ya mikono ilivyo na heshima.

Sasa itazame tena, polepole. Nyuma ya wanawake hao, mbali, kuna malundo makubwa ya ngano na mikokoteni inayopakiwa. Mavuno ni mengi ajabu, ila si yao. Upande wa kulia, kadogo sana, kuna mtu juu ya farasi. Huyo ni msimamizi. Mtoto yeyote aliyekulia karibu na shamba kubwa la chai au la mkonge hahitaji mwalimu wa kumwambia huyo ni nani. Kwetu anaitwa nyapara. Picha hii ilipoonyeshwa Paris mwaka 1857 wenye mali waliingiwa na hofu, kwani kumbukumbu ya mapinduzi ya 1848 ilikuwa bado mbichi, na hapa kuna mtu amewachora maskini wakubwa kama mashujaa na kuujaza utajiri nyuma yao. Mchoro uliowatisha matajiri wa Paris ukawa, miaka 40 baadaye, somo la adabu kwa watoto wa wahamiaji. Nakala ni ileile, vitone ni vilevile. Kilichobadilika ni swali la mwalimu.

Uingereza walijaribu njia nyingine baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1946 Brenda Rawnsley, aliyekuwa amefiwa na mume vitani, aliendeleza kampuni ya School Prints ambayo marehemu alikuwa ameianzisha. Badala ya kuwapa watoto nakala za wafu, aliwaomba wasanii walio hai wachore picha mahususi kwa ajili ya shule, zichapwe kwa wingi na kuuzwa kwa bei ambayo shule ingeimudu. Mhakiki Herbert Read alimshauri. L. S. Lowry alichora, Henry Moore alichora. Kwa kuwa fremu ni ghali, fremu ilichorwa na kuchapwa kwenye karatasi hiyohiyo. Huo ni ujanja ninaoupenda, ujanja wa mtu anayejua shule haina pesa. Akapata moyo, akaenda Ufaransa kuwabisha hodi wakubwa, na Picasso, Matisse, Braque, Léger na Dufy wakakubali. Picha zao zikatoka mwaka 1949, na hazikuuzwa vizuri. Majina yalikuwa makubwa kuliko yote yaliyotangulia, lakini yalihitaji darasa lililo tayari kukaa na kitu kigeni, na madarasa mengi hayakuwa hivyo. Jina kubwa halimfundishi mtu kutazama.

Tukirudi Afrika Mashariki, hadithi inachukua kona yake. Miaka ya 1930 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa huko Makerere, Uganda. Njia yake ilikuwa kuwasimulia wanafunzi kisa, nao wachore wanachokiona kichwani, badala ya kuwawekea picha za Ulaya wazifuate. Miongoni mwa waliopita katika shule hiyo ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Njau alipaka rangi kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Alichora maisha ya Kristo, na Kristo wake ni Mwafrika, amezaliwa katika nchi ya vilima vya Murang'a, miongoni mwa watu wa Murang'a. Ilikuwa 1959, Kenya bado koloni, jeraha la vita bado linavuja damu. Ukimkumbuka Douglass na picha ya seneta wake, utaona Njau alikuwa akijibu jambo lilelile.

Mwaka 1965 Njau na wenzake, akiwemo mwandishi Rebeka Njau, walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Kauli iliyohusishwa nacho miaka yote ni kwamba usiige, kwani kuiga humlaza Mungu usingizi. Ni kauli kali, na kwa msanii aliyelelewa katika shule za wakoloni ilikuwa dawa. Lakini naona tuliichanganya na jambo jingine. Msanii anayeiga na mtu anayenunua nakala hawafanyi kitu kimoja. Wa kwanza anakwepa kazi yake. Wa pili anatafuta kitu cha kutazama, na kama hatumpi nakala ya kilicho chetu, atanunua nakala ya kilicho cha wengine. Na amenunua.

Tazama sebule nyingi za Kenya. Kuna picha ya Yesu mwenye nywele ndefu za kahawia, amegeuza uso kidogo, mwanga unamwangukia kwenye paji. Wengi hudhani ni picha ya kale. Kumbe ilichorwa mwaka 1940 na Warner Sallman, mchoraji wa matangazo wa Chicago, na inasemekana imechapishwa zaidi ya mara milioni 500. Kando yake utakuta Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, imechapwa kwenye plastiki au kufumwa kwenye zulia la ukutani. Sasa, mchoro halisi wa Leonardo ni wa ukutani. Uko kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa huko Milan, Italia, na hauwezi kuondoka hapo. Uliingia sebuleni kwa shangazi yako huko Bungoma kwa sababu karne baada ya karne watu waliutengenezea nakala. Michoro ya Njau nayo imekwama ukutani, Murang'a, mwendo usiozidi saa mbili kwa matatu kutoka Nairobi. Sijawahi kuona nakala yake ikiuzwa na wale mafundi wa fremu wa kando ya barabara. Kuta hizo mbili zinafanana kwa kila kitu isipokuwa nakala.

Shuleni napo ilikuwa vivyo hivyo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na somo la Sanaa na Ufundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani wa KCPE ukapunguza masomo, somo hilo likaachwa nje, na sote tunajua kisichotahiniwa huwa hakifundishwi. Kipindi chake kikaliwa na Hisabati. Kizazi kizima, ambacho mimi ni mmoja wao, kimemaliza darasa la nane bila kuambiwa hata mara moja: keti, tazama picha hii dakika ishirini, sema unaona nini. Mtaala mpya wa umilisi umeirudisha sanaa, na hilo ni jema. Lakini mara nyingi sanaa inaonekana kuwa kazi ya mikono tu: leta gundi, leta maboksi, mzazi akeshe akikata karatasi. Kutengeneza ni nusu ya somo. Nusu nyingine ni kutazama, na hiyo haihitaji gundi.

Utaniambia siku hizi tuna simu. Kweli, kila mchoro niliotaja unaweza kuupata sasa hivi kabla hujamaliza chai. Senti moja ya Perry imekuwa bandoli. Lakini picha kwenye simu hudumu mpaka kidole kisogee. Ile ya ukutani hukaa hapo hata ukiichoka, na siku moja, bila kutarajia, unamwona yule mtu mdogo juu ya farasi.

Kwa hivyo nina ombi dogo, na naliona linawezekana. Wachapaji wa mabango ya kampeni na kalenda tunao tele. Mashine zilizopo River Road zingemtoa Prang machozi. Wasanii walio hai tunao. Kazi za waliotangulia tunazo, nyingine zikiwa kwenye mkusanyiko wa Joseph Murumbi katika jengo la Nyaraka za Kitaifa, pale pale ambapo maelfu hupita kila jioni wakikimbilia matatu za Ambassadeur bila kuingia. Msanii alipwe haki yake, picha ichapwe kwenye karatasi kubwa yenye fremu iliyochorwa, na shule iinunue kwa bei isiyozidi sahani chache za chapo madondo. Nyuma ya karatasi yasiandikwe maelezo marefu. Yaandikwe maswali: Nani yuko mbele? Nani amewekwa mbali, na kwa nini? Nani hayupo kabisa?

Hiram Revels alikaa Seneti mwaka mmoja tu. Ilipofika 1881 seneta mwingine mweusi, Blanche Bruce, alimaliza muhula wake, na baada yake hakuonekana mwingine mpaka 1967. Miaka 86. Katika miaka hiyo yote mtoto mweusi hakuwa na seneta wa kumwonyesha isipokuwa yule wa kwenye karatasi, kama nyumbani kwao kulikuwa na mtu aliyeinunua, na mtu wa kumwambia huyu ni nani.